Mtani Aliyekuja kwa Baiskeli

"Inatangazwa kwa wakazi wote wa Bagamoyo, wa mjini na wa viungani, wake kwa waume, walio nchi kavu na walio vyomboni, kwamba Msafara Mkuu wa Baiskeli wa Kuchunguza Vilima vya Bara utaondoka kesho alfajiri, chini ya uongozi wa mvumbuzi Mtoro bin Haji, wa kidato cha tatu. Wananchi wanaombwa wajipange barabarani kwa utulivu, na wenye machozi wayazuie mpaka msafara upite."

Mtoro alilitoa tangazo hilo akiwa amesimama juu ya ngazi ya mlango wa kwao, mkono mmoja kifuani. Wakazi wote wa Bagamoyo waliofika kumsikiliza walikuwa mama yake, Zaina, aliyekuwa akikuna nazi, mdogo wake Dija, na paka.

"Mvumbuzi," mama yake alisema bila kuinua macho, "kabla hujavumbua bara, kavumbue ndoo. Mtungi hauna maji."

Mvumbuzi akaenda kuteka maji.

Jambo lenyewe lilikuwa limeanzia darasani, kwenye shule yao ya bweni huko Morogoro, mwaka ule wa sitini na tisa. Mwalimu wao wa jiografia, kijana wa Kiingereza ambaye pua yake ilikuwa haijapatana na jua, aliwaonyesha picha za mashamba ya kwao: vilima vya majani vikipanda na kushuka polepole kama shuka lililotupwa kitandani bila kutandikwa, na katikati yake kibarabara chembamba kikizunguka huku na huku kana kwamba hakina haraka ya kufika. Akawaeleza kwamba huko watu humaliza likizo nzima juu ya baiskeli, kijiji hadi kijiji, na kwamba njia zao zimeelezwa kilima kwa kilima: wapi utatokwa jasho, wapi utakunywa maji, nyumba gani itakulaza. Kisha akasema, kwa masikitiko kidogo, kwamba nchi ya namna hiyo hakuwa ameiona bado Tanzania.

Mtoro akanyoosha mkono. Hakuwa na jambo la kusema. Mkono wake ulikuwa na tabia ya kupanda kabla ya mwenyewe.

"Ipo, mwalimu. Nyuma ya Bagamoyo. Kutoka Kiwangwa kwenda Miono ni vilima vitupu. Njia ya baiskeli ipo, na watu wa kukulaza wapo."

Mwalimu alimtazama kwa hamu ya kweli, na hiyo ndiyo iliyoharibu mambo. Angemcheka, yangekwisha. "Basi likizo hii niletee njia hiyo," alisema. "Nataka vilima, nataka maji, na nataka kijiji kitakachokubali kuwalaza wanafunzi arobaini. Ukiniletea, kidato cha tatu kitafunga muhula ujao kwa safari ya baiskeli. Usiponiletea, tutafunga muhula kama kawaida."

Kama kawaida maana yake ilikuwa kupalilia shamba la mahindi la shule, kutoka mtaro wa chini hadi mtaro wa juu. Darasa zima likageuka kumtazama Mtoro kwa mapenzi ya kutisha.

Sasa, ukweli ni kwamba Mtoro hakuwa amewahi kuivuka minazi ya mwisho ya Bagamoyo kwa upande ule. Kwa watu wa kwao, waliokuwa wakiijua Pemba na Lamu kama wajuavyo nyua zao, bara lilikuwa mahali yanakotoka mananasi, basi. Lakini ajabu yake ni kwamba tangu siku ile jambo alilolizua lilimganda kichwani kama swali. Je, vilima vipo kweli? Vinafananaje? Nani anakaa huko, na anapoamka asubuhi anatazama nini, maana bahari hana? Akawa analala na swali hilo na kuamka nalo, na likizo ilipofika, mambo yalikuwa mawili yanayomchemsha: kutoonekana mwongo mbele ya darasa, na kutaka kujua.

Alifuatana na Kulwa, rafiki yake wa kitanda cha juu bwenini, Mnyamwezi wa Tabora, mtu wa maneno machache ambaye kwao kulikuwa mbali mno kwa likizo fupi. Mtoro alipewa baiskeli ya mjomba wake, fundi cherehani, iliyokuwa nzito kama kitanda lakini yenye kengele iliyosikika hadi mtaa wa pili. Ya Kulwa ilikodishwa kwa fundi baiskeli wa sokoni. Breki zake zilikuwa ni kandambili za Kulwa mwenyewe.

Msafara Mkuu ukaondoka. Aliyejipanga barabarani alikuwa muuza kahawa, naye alikuwa amesimama pale kwa sababu zake.

Mchanga ndio uliowapokea kwanza. Ulishika matairi kama mtu anayekuomba usiende, na mvumbuzi akalazimika kuvumbua mwendo wa miguu, baiskeli mkononi. Lakini minazi ilivyozidi kupungua ndivyo njia ilivyozidi kuwa ngumu na nyekundu, mikorosho ikaanza, kisha mihogo, na kabla jua halijawa kali ardhi ilifanya jambo ambalo Mtoro hakuwa amelizoea. Iliinuka. Haikuinuka kwa kishindo, la. Iliinuka taratibu kama mtu anayevuta pumzi, ikashuka, ikainuka tena mbele kidogo, kijani kwa nyekundu, kote hadi macho yalipokoma.

Mtoro alifunga breki. Alisimama muda mrefu hata Kulwa akarudi kumtazama.

"Umepata pancha?"

"Vipo," Mtoro alisema kwa sauti ya chini. "Kulwa, vilima vipo kweli."

"Si ulisema vipo?"

"Nilisema. Sikujua."

Tangu hapo akawa hapitwi na mtu bila kumuuliza. Kilima hiki kinaitwaje? Kile je? Bonde hili maji yake yanakwenda wapi? Mzee mmoja aliyekuwa na jembe begani alimsikiliza kwa uvumilivu wote, akatazama kilima kilichokuwa kikiulizwa, akasema, "Hiki hakina jina, mwanangu. Ni kilima." Mtoro aliona huo ni upungufu mkubwa katika elimu ya dunia, akaanza kuvibatiza mwenyewe. Kimoja kirefu chenye upara akakiita Mwalimu Mkuu. Kingine kilichoonekana kidogo kwa mbali na kumtoa mtu roho kwa karibu akakiita Hesabu za Aljebra. Mteremko uliofuata, ambao Kulwa aliushuka miguu yote miwili ikisugua ardhi na vumbi likimfuata kama mkia wa farasi, hakuuita kitu, kwa sababu alikuwa akicheka.

Kiwangwa waliwakuta akina mama wameketi kando ya njia na mafungu ya mananasi. Mmoja wao, Bi Mina, mwanamke mnene mwenye kisu kirefu, aliwaamkua na kuwauliza watokako. Baada ya shikamoo na marahaba, Kulwa alisema kwamba yeye ni mgeni tu Bagamoyo, kwao ni Tabora.

Bi Mina aliweka kisu chini. "Tabora wapi? Wewe Mnyamwezi?"

"Mnyamwezi."

"Alhamdulillahi. Nimekaa hapa tangu asubuhi najiuliza nani atanibebea haya mananasi, kumbe punda wangu alikuwa njiani anakuja." Akanyanyuka, akamvua Kulwa kofia, akajivika mwenyewe. "Na kofia ya nini? Kichwa cha mpagazi kinavaa mzigo."

Mtoro alishika usukani kwa nguvu, akingojea ugomvi. Lakini Kulwa, Kulwa huyo huyo ambaye bwenini aliweza kumaliza siku nzima kwa maneno yanayoenea kwenye kiganja, alijinyoosha na kujibu, "Babu zetu walibeba pembe za ndovu. Nyinyi Wakwere mlibeba nini? Mlikaa njiani hivi hivi mkingoja tupite mtuombe chumvi." Akaokota nanasi kubwa kuliko yote funguni, akalipasua kwa kisu cha mwenyewe, akala.

Kina mama walicheka hadi wakashikana mabega. Bi Mina alimtukana Kulwa masikio, miguu na ukoo mzima, Kulwa akamtukania mashavu na biashara, na kadiri matusi yalivyozidi ndivyo mananasi yalivyozidi kupasuliwa.

"Na mimi?" Mtoro aliuliza, mkono ukikaribia fungu.

Bi Mina alimtazama kwa heshima. "Wewe, mwanangu, ni mtu wa mjini. La kwako unanunua."

Walipoketi kivulini, Kulwa alimweleza. Wanyamwezi na Wakwere, watu wa huku, ni watani tangu enzi za misafara. Mtani anaweza kukuambia lolote na kukunyang'anya chochote, wala huna ruhusa ya kukasirika. Na wewe vivyo hivyo kwake. Lakini utani una kazi zake vilevile, hasa kwenye msiba, na kazi hizo hazina mchezo hata zinapofanana na mchezo. Mtoro alisikia vizuri nusu ya kwanza ya maelezo. Nusu ya pili ilimkuta analamba maji ya nanasi kwenye kiwiko.

"Kumbe hiyo ndiyo nyumba ya kulala wageni," alisema. "Huko Uingereza wanalipa. Huku unatukanwa, unalala bure."

"Anayelala bure ni mtani," Kulwa alisema. "Wewe ungelala mgeni."

Mtoro alirudi kulamba kiwiko. Alikuwa anafikiri, na kwa wanaomjua hiyo ilikuwa dalili mbaya.

Mchana ulipopinduka walikiona kitongoji cha Gongoni kikiwa kimekaa juu ya mgongo wa kilima, kati ya Kiwangwa na Miono, mahali hasa ambapo msafiri wa baiskeli angeanza kutamani kitanda. Kulikuwa na kisima chini, uwanja wa kutosha juu, na nyumba zenye baraza pana. Mtoro aliona wanafunzi arobaini wamelala pale kama waliokwisha kufika. Ila watu walikuwa wengi kuliko kitongoji, wamekaa kimya kwa makundi, na kutoka nyumba ya katikati zilisikika sauti za wanawake.

Mzee mwembamba mwenye kanzu aliwajia. Alikuwa Mzee Rehani, balozi wa nyumba kumi. Aliwapokea shikamoo zao, akawaambia kwamba kaka yake, Mzee Salumu, amefariki alfajiri ile, na maziko yatakuwa baada ya alasiri, atakapofika mwalimu wa kumsalia marehemu, ambaye ametumiwa mtu huko pwani. "Na nyinyi ni watu wa wapi?"

"Mimi Mnyamwezi wa Tabora," Kulwa alisema, akivua kofia.

Uso wa Mzee Rehani ulibadilika. Mtoro aliuona ukifunguka, akaona na ule uwanja mpana nyuma yake, na mkono wake ukapanda.

"Na mimi," alisema. "Ni pacha wake. Doto."

Kulwa aligeuza shingo polepole. Kwa urefu walipishana kichwa kizima, na kwa sura walifanana kama nazi na fenesi.

"Mapacha," Mzee Rehani alirudia, na macho yake yalilowa. "Mungu kawaleta. Mtani wetu alikuwa mmoja tu, wa kule shamba la mkonge, naye alihama. Tangu asubuhi nalia na jambo hilo. Marehemu aliusia: msinizike kwa kilio kitupu, nitafutieni mtani. Nami nilikuwa nakwenda kumzika bila."

Wakapelekwa nyuma ya nyumba. Waliokuwa wakipika walipoambiwa hawa ni watani walianza kuwatupia maneno papo hapo, na Mtoro alijibu kama aliyezaliwa mgongoni mwa mpagazi. Alinyakua paja la kuku kutoka chunguni. Alimwambia mpishi kwamba wali wake ungefaa kukandikia nyumba. Watu waliokuwa wamejiinamia wakaanza kutabasamu, na katikati ya shangwe hiyo ndogo mvumbuzi hakusahau kazi yake.

"Balozi," alisema, mdomo umejaa, "mimi na pacha wangu tuna wenzetu shuleni, arobaini, tunakusudia kuwaleta huku kwa baiskeli. Watapata pa kulala?"

"Watani? Hata mia waje," Mzee Rehani alisema. "Watalala barazani kwangu na kwa marehemu. Wewe Doto umekwisha kuwa mtoto wa hapa."

Hivyo njia ikapatikana: vilima, maji, na malazi. Mtoro alijiona tayari mbele ya darasa, mkono kifuani.

Kulwa alikuwa amechukua jembe na kwenda makaburini. Alichimba bila kupumzika, na Mtoro alipokwenda kumtazama alikuta watu wamekaa pembeni wakizungumza habari za marehemu. Mzee Salumu ndiye aliyekuwa mtu wa kwanza kuleta baiskeli Gongoni. Miaka mingi aliipanda kwenda Bagamoyo na kurudi, samaki wakavu na chumvi nyuma kwenye keria, na hakuna kilima ambacho hakukijua kwa magoti yake. Mtoro alitaka kuuliza mengi: alipita njia ipi, alipumzika wapi, mvua ikinyesha ilikuwaje? Lakini mtu mmoja alimwambia, "Doto, mwenzio anachimba. Na wewe tuonyeshe kazi. Mtani huwa anamwigiza marehemu."

Akaileta baiskeli ya mjomba wake uwanjani mbele ya nyumba. Alijifunga shuka, akakunja mgongo, akapanda. Alimwendesha Mzee Salumu kilimani, akikohoa kila mzunguko wa pedali. Alimpigisha kengele kila alipopita mbele ya wanawake, na kumkodolesha macho mbele kana kwamba siye aliyeipiga. Kisha, alipofika pale uwanja unapoinamia bonde, mahali ambapo kila mwendesha baiskeli duniani angeachia miguu na kufurahi, alimshusha mzee wake chini. Akaishika baiskeli kwa mikono miwili kama anayeongoza ng'ombe mkali, akateremka hatua kwa hatua, akisoma dua moja baada ya nyingine, na kumwomba Mungu amfikishe chini akiwa hai yeye na samaki wake.

Uwanja ulivunjika kwa kicheko. Watu walicheka na machozi yakiwatoka, wakafutana, wakacheka tena. Na kutoka ndani ya nyumba, nyuma ya pazia la mlangoni, kilisikika kicheko kimoja cha mwanamke mtu mzima, kirefu, kilichoishia kwenye kilio na kuanza tena kama kicheko. Watu wakatazamana. "Huyo ni Bi Mwanajuma," walinong'ona. "Mjane kacheka."

Mtoro alirudi makaburini kifua mbele. Kulwa alikuwa ndani ya kaburi hadi mabegani, anachonga mwanandani, ule upenyo wa ubavuni anamolazwa maiti. Hakuinua kichwa.

"Umefurahi?"

"Sikia wanavyocheka."

"Wanacheka kwa sababu wewe ni mtani," Kulwa alisema. "Yale uliyoyafanya, akiyafanya mtani ni dawa. Akiyafanya mtu mwingine, amemtukana maiti mbele ya mkewe. Hakuna la katikati, Mtoro. Nilikwambia kule Kiwangwa."

"Hukuniambia."

"Nilikwambia. Ulikuwa unalamba kiwiko."

Mtoro aligeuka. Aliitazama nyumba kule juu, ile yenye pazia. Angeweza kwenda wakati ule ule akasema. Akaufikiria na uwanja mpana, wanafunzi arobaini, shamba la mahindi, na mwalimu wa jiografia akimtazama kwa hamu ile ya kweli. Akasema moyoni kwamba atasema baada ya maziko. Au atatuma salamu.

"Doto," Mzee Rehani aliita akija na wanaume wenzake, jeneza likiwa limekwisha kuwekwa tayari kule juu. "Kaburi limekwisha. Ingia basi, utudai."

Hiyo ilikuwa nusu nyingine ya kazi, ile ambayo Mtoro hakuisikia. Mtani hujilaza kaburini akakataa kutoka, akadai kuku au chochote apendacho, na wafiwa humbembeleza na kumpa, ili marehemu apate nafasi yake. Kulwa alitoka, akajikung'uta udongo. Akamtazama Mtoro kwa macho yaliyosema, bado unaweza.

Mtoro aliingia.

Chini kulikuwa na ubaridi, na harufu ya mizizi. Alilala chali, mikono ubavuni, na hata humo, Mungu amsamehe, udadisi haukumwacha: aliona udongo umekaa kwa tabaka kama walivyofundishwa, mwekundu juu, wa manjano katikati, mweupe chini, na juu ya yote kipande cha mbingu chenye pembe nne. Akajiuliza kama Mzee Salumu alijua kwamba kilima alichokipanda miaka yote ni cheupe ndani. Kisha akakumbuka kwamba mzee atalijua hilo sasa hivi, na nywele zikamsimama.

"Mnyamwezi, toka," sauti za juu zilianza. "Kaburi si lako."

"Sitoki," Mtoro alisema, na sauti yake ilitoka nyembamba. "Nataka kuku."

"Kuku umekwisha kula."

"Nataka mwingine. Jogoo."

Walicheka, wakabishana, wakamtuma mtu kumkamata jogoo. Wakati huo lori lilisikika likipanda kilima, likakohoa, likazimika. Minong'ono ikapita juu ya kaburi: mwalimu kafika, mpisheni mwalimu. Salamu zikatolewa na kupokewa. Hatua za viatu zikakaribia, na kwenye ukingo wa ile mbingu ya pembe nne ikachomoza kofia nyeupe, ndevu za hina, na miwani.

Alikuwa Mwalimu Mwishehe, wa chuo cha Kurani mtaani kwao Bagamoyo, ambaye alimfundisha Mtoro tangu hajaweza kuitofautisha alifu na mwiko. Aliinama, akarekebisha miwani.

"Mtoro?"

"Labeka, mwalimu."

Neno lilikwisha kutoka. Miaka yote ya chuoni ulimi wake ulikuwa umejibu hivyo kwa sauti ile, na haukungoja kuuliza leo anaitwa nani.

Mzee Rehani akainama naye kuchungulia.

"Huyu anaitwa Doto," Mzee Rehani alisema polepole. "Mnyamwezi wa Tabora."

"Huyu ni Mtoro bin Haji, mwana wa Zaina," mwalimu alisema. "Masikio hayo nimeyavuta mwenyewe. Nyumba yao na chuo changu ni ukuta mmoja. Mtoro, umelala humo kwa idhini ya nani?"

Mtoro alifungua mdomo, udongo ukamdondokea. Aliona nyuso zikizunguka ukingo, zile zile zilizokuwa zikicheka, zikijifunga moja moja. Na kabla hajapata la kusema, mtu alijirusha ndani, akatua kando yake, akamshika kwapani na kumsukuma nje kama gunia. Alikuwa Kulwa. Akajilaza mahali pale pale, akafumba macho.

"Kaburi nimelichimba mimi," alisema kutoka chini, kwa sauti ya kutosha. "Mnyamwezi wa kweli ni mimi. Jogoo ni wangu, na asiwe mwembamba kama balozi. Bila jogoo, Mzee Salumu atalala juu yangu."

Mtu mmoja alicheka, kwa kusitasita. Kisha wa pili. Jogoo akaletwa, Kulwa akatoka, na Mwalimu Mwishehe akawasalisha. Mzee Salumu akazikwa kama alivyousia.

Mtoro alisimama nyuma ya watu wote, na hakuna aliyesogea karibu naye. Fatiha iliposomwa na watu wakaanza kupanda kilima, alimfuata Mzee Rehani.

"Balozi, ile ahadi ya wenzangu..."

"Ahadi nilimpa Doto," Mzee Rehani alisema bila kusimama. "Doto hayupo."

Mwalimu Mwishehe ndiye aliyemngoja njiani. Hakumvuta sikio, na hilo lilimtisha zaidi. "Mimi huna la kuniambia," alisema. "Aliye na haki nawe yumo mle ndani. Uliyoyafanya kwa mumewe ameyasikia. Nenda kamwambie ni nani aliyeyafanya. Kwa mdomo wako, si kwa mtu."

Akaenda. Alipiga magoti mbele ya lile pazia, akabisha hodi, na sauti za wanawake ndani zikanyamaza.

"Nani?" Bi Mwanajuma aliuliza. Sauti ilikuwa imechoka, nzito kidogo kwa kulia.

"Ni mimi, bibi. Yule wa baiskeli."

"Doto."

Maneno makubwa yote aliyokuwa nayo Mtoro, ya matangazo na ya misafara, aliyatafuta asiyaone hata moja.

"Mimi siye Doto," alisema. "Wala si Mnyamwezi. Kulwa ndiye Mnyamwezi, na mimi si pacha wake. Mimi ni mtu wa Bagamoyo. Nilisema uongo ili nipate pa kuwalaza wanafunzi wenzangu, kwa sababu nilikwisha kumwambia uongo mwalimu wangu kwamba pa kulala papo. Nikamwigiza mzee nami si mtani. Nimemtukana mumeo, bibi, na simjui."

Pazia halikutikisika. Ndani mtu mmoja alinong'ona jambo kali, akanyamazishwa.

"Nani alikueleza kwamba alikuwa akishuka baiskelini penye mteremko?" Bi Mwanajuma aliuliza.

"Hakuna, bibi. Nilibuni."

"Ulibuni," mjane alirudia. "Miaka yote hiyo alinikataza nisimwambie mtu. Kupanda alipanda kama simba. Kushuka alishuka na baiskeli mkononi, anasoma dua. Nilidhani tulikuwa tunalijua wawili tu."

Mtoro hakujua kama ameruhusiwa kuinua kichwa, kwa hiyo hakuinua.

"Na huyo mwalimu wako utamwambia nini?"

"Nitamwambia vilima vipo, na maji yapo. Na pa kulala palikuwapo, nikapaharibu mimi."

"Hilo la wageni arobaini ni la balozi, silo langu," alisema mjane. "Langu ni hili la mume wangu. Umelisema vizuri, ila umelisemea sakafuni, na waliocheka na mimi wamekaa huku nyuma. Hawakusikia." Pazia likavutwa kando kidogo, na Mtoro akaona vyumba viwili vya wanawake, kanga kwa kanga, hadi kwenye mlango wa uani, wote wanamtazama. "Sema tena. Taratibu. Anza na jina la mama yako."

Mtoro alisimama. Mkono wake mmoja ulianza kupanda kuelekea kifuani, akaurudisha chini.

"Mama yangu ni Zaina, wa Bagamoyo," alianza. "Naitwa Mtoro. Sina mtani hapa."